BANDI IKO NZIMA? Namna ya kuchunguza bandi za ordinatere kwa mkono



Katika toleo lililopita mmoja wenu aliuliza: "Ordinatere ikivunjika, maneno yote yaliyokuwa ndani yanakwenda wapi?" Ni ulizo zuri. Jibu fupi ni hili: yanapotea, isipokuwa kama kulikuwa mtu aliyeyaandika pahali pengine, tena akachunguza kama yako kweli. Sehemu ya kwanza ya jibu watu wote wanaijua. Sehemu ya pili inasahauliwa, na sisi wenyewe tuliisahau mwaka jana. Basi leo tunaleta somo, na aibu yetu pamoja.

Hatujaona kwa macho maktaba kubwa ya bandi. Tumesoma, na mwalimu wetu wa fizika alisahihisha hesabu. Chukueni kalamu, maana hesabu zitakuwapo.

1. BANDI NI NINI, NA NANI ANAITUMIA LEO?

Bandi (wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema tepi) ni utepe mrefu wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Wengi wenu munafikiri ya kama bandi zimekwisha duniani. Munaona simu, munaona fulashi, munasema kaseti ni kitu cha wazee. Sivyo. Pale habari zinapokuwa nyingi kupita kiasi, watu wanatumia bandi mpaka leo. CERN, kituo cha uchunguzi wa fizika kilicho karibu na Geneva, kilitangaza katika mwaka 2017 ya kama habari zake zilizowekwa katika bandi zilikuwa zimepita petabaiti 200. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja.

Juu ya nini wanachagua bandi? Kwanza, bei yake ni ndogo kwa habari nyingi. Pili, bandi iliyo ku rafu haili umeme. Tatu, haikufungwa na ordinatere, basi kosa la ordinatere haliifikii.

Sababu hii ya tatu ilionekana wazi tarehe 27 ya mwezi wa pili, mwaka 2011. Siku ile watu wengine wanaotumia Gmail, posta ya Google, walifungua sanduku lao wakakuta barua zote zimetoweka. Walikuwa karibu watu 2 katika kila 10,000. Google ilikuwa na nakala nyingi katika nyumba mbalimbali za ordinatere, lakini kosa lilikuwa ndani ya programu yenyewe, na nakala ziliharibika pamoja. Barua zilirudishwa kutoka bandi.

Fikirini sasa: kama siku ile bandi zingalikuwa zimeharibika nazo, na hakuna aliyejua?

2. MWILI WA BANDI

Tuchukue bandi inayotumika sana, jina lake LTO. Aina ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ilishika gigabaiti 100. Aina ya nane, LTO-8, ilitoka mwaka 2017, inashika gigabaiti 12,000, yaani terabaiti 12.

Kwa nje ni kisanduku cha plastiki kinachoenea katika kiganja. Ndani mna gurudumu moja tu, si mawili kama kaseti ya muziki. Gurudumu la pili liko ndani ya mashine. Ncha ya bandi ina pini ndogo ya chuma, na mashine inaishika pini hiyo na kuivuta bandi nje. Upana wa bandi ni milimita 12.65 na urefu wake meta 960. Ni nyembamba sana: mukipanga bandi zaidi ya 15, moja juu ya nyingine, ndipo mutapata unene wa karatasi moja ya daftari.

Habari zinaandikwa katika mistari 6,656 iliyolala kwa urefu wa bandi. Kichwa cha mashine kinasoma mistari 32 kwa mara moja. Fanyeni hesabu:

6,656 : 32 = 208

Basi ili kusoma bandi yote, lazima ipite mbele ya kichwa mara 208, kwenda na kurudi. Na tena:

208 x 960 = 199,680

Ni meta hizo, yaani karibu kilometa 200. Ni kama safari ya gari toka Bukavu mpaka Goma! Na safari hii yote utepe unapita ukigusana na kichwa cha mashine. Sasa munaelewa juu ya nini vumbi kidogo tu ni adui mkubwa.

Katika maktaba ya bandi visanduku hivi vinasimama ku rafu ndani ya kabati kubwa. Kila kimoja kina karatasi yenye mistari myeusi, ndilo jina lake. Mkono wa mashine unasoma jina, unachukua bandi, unaitia katika msomaji, kiisha unairudisha pahali pake.

3. NAMNA BANDI INAVYOUGUA

Bandi inaugua kwa njia nyingi:

a) Joto na unyevu. Kwa kuweka miaka mingi, inafaa joto la digrii 16 mpaka 25, na unyevu wa 20 mpaka 50 kwa mia. Watengenezaji wanasema inaweza kudumu miaka 30 ikitunzwa hivyo. Kwetu wakati wa mvua unyevu unapita kipimo hicho mbali sana.

b) Gundi. Unga wa sumaku umeshikwa na gundi ku plastiki. Bandi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na gundi inayokunywa maji ya hewa. Inageuka kuwa kama ubugali, inanata ku kichwa cha mashine, na unga unabanduka pamoja na sauti au habari.

c) Kuanguka. Kisanduku kinaweza kuonekana kizima kwa nje, lakini ndani pini imeondoka au ukingo wa bandi umekunjika.

d) Mashine chafu. Mara nyingi bandi inasingiziwa, kumbe mgonjwa ni msomaji.

e) Sumaku yenye nguvu iliyoletwa karibu.

4. UGONJWA UNAOJIFICHA

Hapa ndipo kiini cha somo. Musipite upesi.

Tuseme tunaandika ku bandi namba nne: 4, 7, 2, 9. Mwishoni tunaongeza jumla yake: 22. Siku ya kusoma tunaona ya kama namba ya tatu imefutika:

4, 7, ?, 9 na 22

Zilizobaki zinafanya 20. Basi iliyopotea ni 22 - 20 = 2. Imerudi! Lakini zikifutika mbili:

4, ?, ?, 9 na 22

Zilizobaki zinafanya 13, zinakosa 9. Ni 7 na 2? Ni 5 na 4? Ni 8 na 1? Hakuna mtu awezaye kujua.

Mashine za bandi zinafanya namna hiyo, lakini kwa hesabu yenye nguvu zaidi. Asili yake ni kazi ya Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, waliyoitoa mwaka 1960. Kwa hesabu ile mashine inatengeneza makosa mengi yenyewe, na mtu anayesoma haoni kitu. Anapata barua yake nzima, anafurahi.

Hapo ndipo hatari. Mwaka wa kwanza mashine ilitengeneza makosa machache. Mwaka wa tatu mengi zaidi. Mwaka wa tano mengi sana, lakini barua ingali inatoka nzima. Mwaka wa sita kosa moja linazidi nguvu ya hesabu, na siku ile ile kila kitu kinakatika. Mtu anasema: "Lakini jana ilikuwa nzuri!" Haikuwa nzuri. Ilikuwa inatengenezwa kimya.

Kwa hiyo yule anayechunguza hatosheki na kuuliza "Inasomeka?" Anauliza: "Mashine imetengeneza mara ngapi, na mara iliyopita ilikuwa ngapi?" Mashine inaandika hesabu hiyo, na kisanduku cha LTO kina kipande kidogo cha kumbukumbu kinachoshika habari za matumizi yake. Ila lazima mtu aende kuzitazama.

5. HATUA ZA KUCHUNGUZA

Pengine programu inachunguza yenyewe usiku. Lakini katika maktaba nyingi ni mtu anayechagua bandi, anayeitia, na anayeandika alichokiona. Ndiyo maana tunasema "kwa mkono". Hatua ni hizi:

Ya kwanza. Fungua kitabu cha maktaba. Jina la ku kisanduku na jina la ku kitabu yapatane. Bandi nzima yenye jina la uongo ni sawa na bandi iliyopotea.

Ya pili. Tazama mwili. Kuna ufa? Kamlango kanafunguka na kufunga vizuri? Pini iko pahali pake? Tikisa polepole: kama kitu kinagonga ndani, usiitie katika mashine. Na usiguse utepe kwa kidole, maana kidole kina mafuta.

Ya tatu. Kama bandi imetoka fasi ya baridi au ya joto jingi, iache ipumzike ndani ya chumba cha mashine, hata siku nzima ikihitajika. Usiwe na haraka.

Ya nne. Sukuma kifungo kidogo kinachozuia kuandika. Mtu aliyekuja kupima mgonjwa asimwue! Kama kifungo kiko wazi, amri moja ya kosa inaweza kufuta yote.

Ya tano. Hakikisha msomaji yuko safi. Kuna bandi ya pekee ya kusafisha. Inatumika wakati mashine inapoomba, na ina idadi yake ya mara za kutumika. Ikiisha haisafishi tena.

Ya sita. Soma bandi yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Kusoma mwanzo tu ni kumtazama mtu ku uso na kusema ya kama tumbo lake ni zima.

Ya saba. Linganisha namba ya ushuhuda. Siku ya kuandika, ordinatere inapiga hesabu juu ya kila faili na kutoa namba moja ndefu, na namba hiyo inawekwa katika kitabu. Siku ya kuchunguza inapiga hesabu tena. Herufi moja ikigeuka, namba inakuwa nyingine. Namba zikipatana, faili ni ile ile.

Ya nane. Andika hesabu ya makosa yaliyotengenezwa, uiweke kando ya ile ya mara iliyopita.

Ya tisa. Kama kuna makosa mengi, usihukumu bado. Jaribu bandi ile katika msomaji mwingine. Bandi moja ikikataa katika wasomaji wawili, bandi ni mgonjwa. Bandi nyingi zikikataa katika msomaji mmoja, msomaji ndiye mgonjwa. (Shikeni hili, linafaa hata nje ya maktaba.)

Ya kumi. Bandi ikiwa mgonjwa, fanya nakala mpya upesi, chunguza nakala hiyo nayo, ndipo ile ya zamani iwekwe kando. Kiisha andika tarehe na jina lako.

6. BANDI NZIMA, MASHINE HAKUNA

Kuna jambo moja ambalo hatua hizi kumi haziwezi kuponya. Katika miaka 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano, Lunar Orbiter, kupiga picha za mwezi. Picha zilishikwa ku bandi kubwa kubwa zipatazo 1,500. Bandi zilitunzwa miaka mingi, lakini mashine za kuzisoma, aina ya Ampex FR-900, zilibaki chache sana, tena mbovu. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa NASA, Nancy Evans, alikataa bandi zile zitupwe, na mashine kadhaa za kale aliziweka katika banda ku nyumba yake. Katika mwaka 2008 kikundi kimoja huko California kilitengeneza mashine hizo, kikifanya kazi ndani ya nyumba iliyokuwa zamani mkahawa wa McDonald's. Mwezi wa 11 wa mwaka ule walitoa tena picha ya dunia ilivyoonekana toka mwezini tarehe 23 ya mwezi wa nane, 1966, wazi kuliko ilivyopata kuonekana.

Kwa hiyo kuchunguza bandi ni kuchunguza mashine pia. Msomaji wa LTO-8 anasoma bandi za LTO-8 na za LTO-7 tu. Za LTO-6 hazisomi. Yule anayelinda bandi za zamani bila msomaji wake analinda visanduku vya plastiki.

7. SAA NGAPI?

Msomaji wa LTO-8 anasoma megabaiti 360 kwa sekunde. Bandi ina megabaiti 12,000,000. Basi:

12,000,000 : 360 = sekunde 33,333, ni saa 9 na dakika 15

Ndiyo bandi moja. Maktaba yenye bandi 1,000 na msomaji mmoja inahitaji saa 9,250, ni siku 385, mchana na usiku bila kupumzika. Zaidi ya mwaka!

Basi kwa kuwa haiwezekani kusoma zote kila mara, na kwa kuwa kusoma nako kunakula bandi, wanachagua. Kila bandi inasomwa mara tu baada ya kuandikwa. Kiisha wanatanguliza za zamani zaidi, na zile ambazo hesabu ya makosa inapanda. Wanaongeza chache kwa kura, ili kusiwe na bandi inayojua ya kama haitaguswa. Zilizobaki zinapata zamu yake. Na habari za maana zinakuwa na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, ili moto mmoja usile zote.

Lakini angalieni: hakuna njia ya kusoma bandi ya saa tisa kwa dakika tano. Anayesema amefanya hivyo, hakusoma.

8. AIBU YETU

Munajua kabati la kaseti katika maktaba yetu. Zimo kaseti 64 za kwaya na za sikukuu za shule, zilizoshikwa na waliotutangulia. Kila mwaka wakubwa wa wanafunzi wanapaswa kuzichunguza na kuandika katika kitabu. Mwaka jana kazi hii ilitufikia sisi. Tuliifanya jioni moja. Tulifungua kabati, tukahesabu mpaka 64, tukaandika "nzuri" mara 64. Kila kaseti ni ya saa moja. Saa 64 ndani ya jioni moja! Hata mtoto wa mwaka wa kwanza angeona uongo wetu.

Miezi mitatu baadaye mama mmoja alikuja. Bwana yake aliongoza kwaya hapa zamani, na alikuwa amefariki mwaka ule. Mama alisema: "Watoto wangu, nyumbani hatuna sauti yake hata moja. Nimesikia iko hapa." Tulifungua kitabu mbele yake kwa furaha. Kaseti namba 23: nzuri. Tulimwambia, "Mama, ikale, tunaileta."

Kaseti ilikuwa na koga nyeupe. Tuliitia. Wimbo ulianza, ukacheza dakika chache, sauti ikawa kama iko chini ya maji, kiisha ikabaki upepo tu. Tulijaribu upande wa pili: upepo. Mama alikaa akisikiliza upepo ule mpaka mwisho, maana alifikiri sauti itarudi. Kiisha akasema, "Asanteni, watoto wangu. Mukipata nyingine mutaniita." Hakutugombeza. Tungependa angetugombeza.

Hatusemi ya kama koga ni kazi ya mikono yetu. Lakini kama tungalisikiliza jioni ile, pengine nusu ya kaseti ingalikuwa bado inasikika, na tungalifanya nakala. Hatutajua kamwe. Ni kama zile namba mbili zilizofutika.

Baadaye tuligawana kaseti zote, tukasikiliza kila jioni baada ya masomo, mbili mbili, mpaka zikaisha. Nzima ni 41. Za kuugua ni 14, hizo tumezinakili tayari. Zilizokufa ni 9. Katika kitabu tumeandika sasa tarehe, jina la aliyesikiliza, na dakika ambapo sauti inaharibika. Na ku namba 37, katikati ya wimbo, mwalimu yule wa kwaya anasikika akiwaambia waimbaji wa sauti ya tatu waanze tena. Ni maneno machache tu. Tumefanya nakala mbili, na moja tumempelekea mama nyumbani kwake.

Sisi wa darasa la sita tunaondoka baada ya mtihani wa Serikali. Kitabu na funguo ya kabati vitabaki kwa wale wa darasa la tano. Tunawaomba jambo moja: kama hamukusikiliza, acheni nafasi tupu. Nafasi tupu inamwambia yule anayekuja nyuma ya kama kazi ingali inangoja. Neno "nzuri" la uongo linamlaza usingizi.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Bandi inasomeka vizuri, lakini makosa yaliyotengenezwa yalikuwa 40, yakawa 300, sasa 2,100. Utafanya nini, na juu ya nini?
2. Namba 6, ?, 3, 8 na jumla yake 19. Iliyopotea ni ngapi? Kama 3 nayo ingefutika, ungeweza kujua?
3. Bandi tano zimekataa asubuhi moja katika msomaji mmoja. Utaanza kuchunguza wapi?
4. Maktaba ina bandi 120 za LTO-8 na wasomaji wawili. Itahitaji siku ngapi kuzisoma zote, mchana na usiku?
5. Taja kitu kimoja nyumbani kwenu kinachohesabiwa kuwa "kizuri" ingawa hakuna aliyekichunguza.

Majibu ya 1 mpaka 4 muyalete kwetu mbele ya siku ya posho. Jibu la 5 mukae nalo wenyewe.

Wenu,
Kapita wa wanafunzi, darasa la sita, pamoja na walinzi wa maktaba